Watoto Thelathini na Mmoja wa Idodi

Karani wa ustawi wa jamii pale Iringa alikuwa na mwandiko mzuri kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji. Kila miezi mitatu alijaza fomu ya vituo vya kulelea watoto wa vijiji vya ujamaa, akiuma mdomo wa chini kila alipoandika tarakimu 6, kwa sababu sita yake ilikuwa na mkia wa kupendeza. Akimaliza aliisoma fomu nzima kwa sauti, polepole, kama padri anayesoma matangazo ya ndoa. Kijiji kisicholeta taarifa alikipa namba ya robo iliyopita, maana mkuu wake hakupokea fomu yenye kisanduku kitupu. Ndivyo kijiji cha Idodi kilivyobaki na watoto thelathini na mmoja mwaka mzima, na unga wa uji ukapelekwa wa kuwatosha hao tu.

Kisha akaja mlezi wa kituo cha Idodi, Mama Seni, vumbi hadi magotini.

"Ndugu karani, mimi nina watoto sitini na wanne, tangu watu wahamishiwe kwetu."

"Sasa mnafanyaje, mama?"

"Wanakula kwa zamu. Leo hawa, kesho wale."

"Na wasio na zamu wanabaki nyumbani?"

"Nyumbani na nani? Mama zao wako shamba la kijiji. Wanakuja, wanakaa, wanatazama wenzao."

Karani akaandika sitini na wanne, na ile sita ikatoka bila mkia. Vijiji vilivyochelewa aliendelea kuvipa namba za zamani, kwa kuwa mkuu alikuwa yule yule. Kusoma kwa sauti tu ndiko alikoacha.