Upana wa Fuso ya Magloire

Ukikutana na Magloire, unaona tumbo kwanza, uso unakuja nyuma. Kwenye barabara ya Walikale wanamuitaka Tani Tatu, na yeye anaitika akicheka. Alianza akiwa mubeba mizigo pale soko ya Sake, leo iko shofere wa Fuso, na hakuna mama mufanyabiashara kati ya Walikale na Kitshanga asiyemujua. Akikuta mugonjwa barabarani, anamubeba. Akikuta mwanamuke mwenye mutoto mugongoni, anamuweka ndani ya kabini, na mwanaume aliyekaa pale anapanda juu pamoja na mbuzi. Miye Kanyere, muntu wa Butembo, muuzaji wa mafuta ya mawese, nimesafiri naye miaka mingi. Nampenda kama ndugu. Lakini kichwa yake! Ee Mungu wangu, kichwa yake ni jiwe.

Mwaka huu alipata GPS ya makamyo ndani ya simu. Ile inakuuliza kwanza gari yako: urefu, upana, kimo, uzito. Kisha inakuchagulia njia yenye kukutosha. Magloire akachukua karatasi za gari, akaandika yote vile fabrika iliandika.

"Mama Kanyere," akaniambia, "sasa hata daraja nitalijua mbele halijanijua."

Sawa. Lakini gari ya kwetu, nani ameshaiona inatembea bila mizigo ya kuning'inia? Siku moja tulitundika bidon zangu, madumu ya plastiki ya mafuta, pembeni, kuume na kushoto, tukazifunga kamba toka nyuma ya kabini mpaka mukiani. Juu ya bidon, magodoro ya watu. Fuso ilinenepa kuliko mwenye kuiendesha. Simu haikuambiwa.

Tulipoacha Pinga kuelekea Kalembe, tukakuta kamyo moja imelala katikati ya barabara, matope mpaka milangoni. Ule mama wa Kifaransa wa ndani ya simu akaongea: "Tournez à droite." Kulia palikuwa njia ya zamani ya shamba la kahawa, inapanda mulima kati ya kingo mbili za udongo.

"Kaka, hii ni njia ya ng'ombe," nikamuambia.

"Mama, GPS inajua upana wangu."

"Upana wako ao wa gari?"

Alicheka mpaka usukani ukatikisika. Sikio la kufa halisikii dawa. Akaingia.

Tukapanda. Kingo zikazidi kukaribia. Nikasikia bidon zikikwaruza udongo, kisha zikilia, kisha gari ikasimama. Magloire akakanyaga tena, tukazidi kuingia, kama kizibo ndani ya chupa. Akajaribu kurudi nyuma, wapi! Mulango wake, udongo. Mulango wangu, udongo. Mbele kuna kioo, lakini patron wake, mwenye gari, alichomelea vyuma juu yake tangu vijana walipoirushia mawe. Nyuma ya kiti kuna kadirisha kadogo tu, kanatokea kwenye mizigo.

"Faites demi-tour dès que possible," simu ikasema. Yaani tugeuke!

"Nyamaza, mwanamuke wewe!" nikaipigia kelele.

Kisha mvua ikaanza. Nasema wazi, niliogopa. Kioo kilijaa mvuke, kabini ikanuka jasho na mawese, na kila nilipogusa mulango nilikuta udongo uleule. Watu waliopanda juu ya mizigo walishaparamia kingo. Rukundo, mufugaji tuliyesafiri naye, akainama juu ya kabini.

"Papa Magloire! Huku juu udongo umepasuka. Mutoke, utawaangukia!"

Miye niko mwembamba. Nilipita kwenye kadirisha, kitambaa changu kikabakia pale, nikatokea juu ya mifuko ya mupunga. Nikageuka: "Kuja!" Magloire akapitisha kichwa, mukono, bega moja. Tumbo likakataa. Tulimuvuta mpaka akalia. Akarudi kwenye kiti chake, akaniangalia kupitia kale kadirisha.

"Mama Kanyere, mutamuambia Christa..."

"Muke wako utamuambia mwenyewe!" Nilikuwa na hasira hata ya kumuuma.

Rukundo alikuwa anachunguza pembeni. "Bidon njo zinaikamata," akasema. "Gari iko kwenye muteremuko. Zikilegea itarudi nyuma yenyewe, pale kwenye nafasi."

"Tukate kamba."

"Kamba haishikilii kitu tena, mama. Bidon zimebanwa na udongo, zimejaa mafuta, ziko ngumu kama mawe."

Nikaziangalia. Yale mafuta njo ilikuwa duka yangu yote, sikuwa na ingine. Donge la udongo likaanguka juu ya vyuma vya kioo, na ndani Magloire akaanza Salamu Maria.

"Lete panga," nikasema.

"Mama, nitoboe miye?"

"Za kwangu nitatoboa mwenyewe."

Nilitoboa nikitukana. Nilitukana simu, nikatukana waliochimba ile njia, nikatukana Magloire na baba yake. Mama yake nilimuacha, aliniuguzaka zamani. Mafuta yakaruka mpaka usoni, bidon zikaanza kukunjamana. Gari ikateleza kidogo, ikakwama tena. Nikahamia kuume.

"Magloire, achilia freni!"

Ikashuka ghafla ndani ya mafuta yangu, miye na Rukundo juu tukishikilia kamba, mpaka pale kingo zinaachana. Mulango ukafunguka nusu. Nusu ilimutosha, sijui namna gani. Alitoka bila vifungo vya shati.

Hatujapumua hata vizuri, ukingo ukashuka pale kabini ilipokuwa. Haukupiga kelele kubwa. Ulijaza tu ile njia, kimo cha muntu na zaidi.

Mvua ilikuwa inapeleka mawese bondeni, njia yote nyekundu. Magloire akaiangalia, machozi yakamutoka mbele ya watu wote.

"Mama Kanyere, mafuta yako."

"Nyamaza."

"Duka yako, mama..."

Nikamupiga kofi. Kisha nikamushika mukono, tukaacha gari pale, tukaanza kutembea kwa miguu. Alitaka nimuachilie ajipanguse uso, nikakataa. Muntu mukubwa vile, nilimushika kama mutoto mpaka Kalembe. Mukono wangu ulikuwa na mawese, ulikuwa unateleza, kwa hiyo nilimufinya sana.