Tuzo ya Stering

Juzi walipotaja filamu zinazowania tuzo, niliwaambia majirani zangu hapa Nyayo Highrise nani atashinda, na sikumbembeleza mtu aniamini. Nilianza kutabiri nikiwa mdogo, kwenye kibanda cha video pale Lindi, mtaa wa mabanda ulio karibu na hapa, kilichonuka mafuta ya taa na njugu. Kila filamu ilikuwa na dijei aliyeitafsiri kwa Sheng juu ya milio ya bunduki, nami niliamini hiyo ndiyo sauti ya shujaa mwenyewe, yule tuliyemwita stering.

Alasiri moja wakaonyesha sherehe ya tuzo. Stering wangu alishinda, kama nilivyosema. Akapanda jukwaani, akashukuru kwa Kizungu, kwa sauti nyembamba kama ya mbu.

Nikasimama. "Si huyo. Wamepea mtu mwingine."

Mama Atieno, mwenye kibanda, alicheka hadi akafuta macho. "Ni yeye. Ile sauti unajua ni ya Odhis, dijei wa mtaa wa Kawangware."

Nililia hadi nyumbani. Siku hizi najua kazi ya dijei, lakini msimamo wangu haujabadilika. Siku ile walimpa tuzo nusu mtu. Nusu ile nyingine ilikuwa Kawangware.