Minyoo wa Wifi

Wifi yangu anafuga nyungunyungu, na mimi nilimwambia mapema kwamba simo. Ana boksi la mbao chumbani, limejaa udongo mweusi, maganda ya ndizi, majani ya chai yaliyokwisha kutumika na magazeti yaliyoloweshwa. Minyoo wananona humo utadhani wako hotelini. Asubuhi wavuvi wa mtoni wanakuja na makopo yao kutafuta chambo. Wanataka mnyoo mzima, anayejinyonganyonga, siyo kipande.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wifi alikuwa fundi cherehani miaka thelathini, mpaka vidole vikakakamaa, kitambaa kikamshinda, akahamia kwenye minyoo. Sasa hata kufukua udongo kulimliza, na kila akifukua aliwakata minyoo. Mwanawe akapata habari, akapiga simu.

"Mama, Jumamosi nakuja kukuchukua. Ukakae kwangu upumzike."

Wifi alipokata simu akanigeukia kama vile mimi ndiye niliyepiga. "Nikapumzike nini? Kwani mimi nimekufa?"

Hasira zikampanda. Akavuta kiti kwenye cherehani yake ya zamani, bila uzi, bila kitambaa, akaanza kukanyaga. Alikanyaga mpaka sakafu ikatetemeka. Boksi la minyoo lilikuwa limeegemea mguu wa cherehani, na mimi kutupa macho pale, naona udongo unacheza. Akachomoza mnyoo mmoja, wakafuata wawili, mara rundo zima liko juu, wanene, wazima kabisa.

"Wifi, usiache. Kanyaga, kanyaga."

Jamani! Mimi niliyeapa kutowagusa nilipiga magoti nikawa nawazoa kwa viganja, kopo la kwanza, la pili. Wifi anacheka hadi kilemba kimemvuka, na miguu yake haina habari ya kuchoka. Nilifurahi mpaka nikalia, na sioni aibu kusema.

Jumamosi mwanawe akaja na gari la kukodi. Akawakuta wavuvi sita mlangoni na cherehani inaunguruma ndani.

"Shikamoo shangazi. Mama yuko tayari?"

"Marahaba. Muulize mwenyewe."

Wifi wala hakusimama. "Umefika wakati mzuri, mwanangu. Shika kopo, shangazi yako mgongo umemkamata."

Kijana alisimama pale na shati lake jeupe, akiitazama miguu ya mama yake inavyokwenda. Kisha akakunja mikono ya shati, akatoka nje kumwambia dereva asisubiri.