Wifi Yangu na Fiti Zake

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana neno lake moja la Kiingereza, na nadhani akinyang'anywa hilo atakuwa bubu. Neno lenyewe ni fiti. Ukimjulia hali, yuko fiti. Nati ikikaa mahali pake, imefiti. Gauni likimkaa mtu vizuri kiunoni, limemfiti. Chumvi ikikolea, mambo fiti. Hata kijana na mchumba wake wakipita barabarani wamependeza, atasema, "Hao wamefitiana," na wala si watu anaowajua. Waingereza walituazima neno, sisi tukalizungusha kila mahali, na sidhani kama wakilidai leo watalitambua.

Kazi yake ni kutengeneza miguu ya bandia. Karakana yake iko nyuma ya hospitali, chumba kirefu chenye harufu ya plasta na plastiki iliyopashwa moto, na miguu imetundikwa ukutani, mingine bado haina nyayo. Katikati kuna vyuma viwili vya kushikilia mtu anapojifunza kutembea upya. Mwenyewe ni mfupi, mnene, ana viganja vya seremala, na kwenye mfuko wa koti lake hukosi tupa, kipande cha msasa na rangi nyekundu ya mdomo. Rangi hiyo hajawahi kuipaka mdomoni. Anaipaka kwenye kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, kisha anamvika mtu mguu mpya na kumtembeza. Akiuvua, rangi iliyoshika ndani inamwonyesha plastiki inabana wapi. Siku ya kwanza mume wangu aliporudi nyumbani kutoka kupimwa mguu huko, na soksi yenye rangi ya mdomo, nilikuwa na maswali.

Karakana hiyo ina sheria moja: mguu hautoki mlangoni mpaka mwenye mguu aseme mwenyewe kwamba umefiti. Na hapo ndipo penye kazi, maana wifi hakubali fiti yoyote tu. Anasema ipo fiti ya salamu, ambayo mtu huitoa hata akiwa na homa. Ipo fiti ya adabu, ya mgonjwa asiyetaka kumsumbua fundi. Ipo ya haraka, ya mwenye usafiri unaomsubiri nje. Zote hizo zinaingia sikio hili na kutokea la pili, naye anachukua tupa yake na kuendelea.

Lakini mguu uliomtoa jasho ulikuwa wa kaka yake mwenyewe, yaani mume wangu. Mume wangu ni mwokaji mikate. Lori la unga lilirudi nyuma likambana ukutani, mguu wake wa kulia ukakatwa chini ya goti. Mwenye tanuri, Mungu ambariki, alimshikia nafasi yake, ila alisema wazi kwamba mwezi ukiisha hajasimama mezani, ataajiri mwingine. Nyumba nzima macho yetu yakawa kwenye mguu huo. Ulipokuwa tayari, mume wangu alitembea kati ya vile vyuma, akafika mwisho, akageuka, akatabasamu.

"Vipi, kaka?" wifi akauliza.

"Fiti."

Wifi akauvua, akachungulia ndani. "Bado. Rudi wiki ijayo."

Akarudi, akasema fiti, akaambiwa arudi tena. Hapo nikapandwa na hasira, nikaenda karakana mwenyewe.

"Wifi, mwenye mguu anasema umefiti. Wewe unamkatalia kama nani?"

Hakuinua macho. "Kama mtu aliyekua naye nyumba moja. Huyu aliwahi kuvunjika mkono akamwambia mama yuko fiti, akala kwa mkono wa pili mpaka mama alipouona umevimba. Wifi, kuna mahali panamuuma na hataki kusema. Akisimama nao mchana kutwa patachubuka, kidonda kitatunga usaha, na safari hii daktari atakata juu ya goti. Kazi anaweza kupata nyingine. Goti je?"

Nikageuka, nikarudi nyumbani.

Shida ni kwamba rangi yake inaonyesha panapobana mtu akitembea. Mwokaji hatembei. Anasimama ameegemea meza, na kila akisukuma unga uzito wote unakuja mbele. Maumivu ya hapo anayajua mwenyewe tu, na mwenyewe alikuwa amefunga mdomo.

Kesho yake wifi aliondoa makopo ya plasta kwenye meza kubwa, akaisugua kwa sabuni mpaka ikang'aa, akaweka unga, maji na hamira.

"Kaka, kanda."

Wagonjwa kwenye benchi walisogeza magongo yao wapate kuona. Mume wangu akakunja mikono ya shati, akaanza. Jamani, mtu akishika kazi yake anapendeza! Sikuwa nimemwona hivyo tangu ajali. Lakini jasho lilimtoka mapema mno.

"Vipi?"

"Fiti."

"Endelea." Wifi akavuta kigoda, akakaa, akasubiri. "Vipi sasa?"

"Fiti, mdogo wangu. Nimeshakwambia."

"Endelea basi."

Mikono yake ikapunguza mwendo. Mwishowe akasimama tu, viganja vimezama kwenye donge, akaangalia chini.

"Siyo fiti," akasema kwa sauti ndogo. "Kila nikisukuma, hapa pembeni panachoma kama moto. Nilidhani nikinyamaza nitazoea."

Wifi alijifunika uso kwa koti, mabega yakatikisika. Nikadhani anacheka, kumbe analia. Halafu akajifuta, akapiga magoti mbele ya kaka yake.

"Nionyeshe kwa kidole."

Kidole chenye unga kikaacha alama nyeupe juu ya plastiki, mahali ambapo ile rangi nyekundu haikuwahi kufika.

Akauvua mguu, akaipasha moto plastiki pale pale penye alama, akaisukuma kwa nje, akakwangua, akapiga msasa, akapapasa kwa kidole gumba, akapiga tena. Kisha akamvika, akamwonyesha meza.

Safari hii hakuuliza kitu. Nilimkonyeza aulize, akatikisa kichwa. Mume wangu alikanda, akakata madonge, akazunguka meza kuchukua unga wa kunyunyizia, akaendelea kukanda. Mara akatugeukia kwa ukali.

"Nani kanunua unga huu? Pumba tupu! Mkate gani utatoka hapa?"

Wifi akanikamata mkono kwa nguvu. "Umemsikia?"

"Anautukana unga wako."

"Na mguu?"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amesimama kwa miguu yote miwili, anagombana na unga.

"Mpeleke mumeo kazini," wifi akasema, na mguu ukatoka mlangoni bila mtu yeyote kusema lile neno.