Namba Shingoni mwa Baba

Juzi hapa Thika walikuwa wakiwatuza wakimbiaji na wafanyabiashara wadogo wa kwetu. Msichana mmoja alipopita na namba kifuani, mikono yangu ilikataa kupiga makofi.

Baba alikuwa yote mawili. Alitengeneza akala, viatu vya matairi, sokoni Ruiru, akinuka mpira siku nzima, na kwenye michezo ya shamba la kahawa hakuna aliyemshinda mbio. Namba ya fulana alishonewa na Mama.

Alasiri moja, enzi za mkoloni nikiwa mtoto, mimi na Mama tulimkuta kando ya barabara, amechuchumaa pamoja na wanaume wengi, askari wenye bunduki wamewazunguka. Kila mmoja alikuwa na namba shingoni. Nilidhani ni mashindano.

“Baba, kimbia! Kimbia!”

Mama aliniziba mdomo kwa kiganja kilichonuka kahawa mbichi. Sasa najua angekimbia wangempiga risasi.

“Leo sikimbii, mama,” Baba alisema. Aliniita hivyo kwa kuwa nina jina la mamake.

Hakurudi tena. Lori lililowabeba lilipoondoka alinipungia mkono, nami, kwa kununa kwamba amekataa kukimbia, nikamgeuzia mgongo.