Aliyeonja Chakula

Ukitaka kumchukia Mama Verediana itabidi uitafute sababu mwenyewe, maana yeye hatakupa. Kwa miaka kumi na sita amewapikia makande watoto wa shule yetu hapa Basotu, na sijasikia hata mmoja aliyeumwa tumbo. Anachambua maharage kama anayemchagulia mwanawe mchumba. Mtoto akija na sahani chafu anarudishwa bombani, hata akiwa wa mwalimu mkuu.

Alizaliwa juu kule milimani, upande wa Dongobesh, akaolewa huku na Modest, dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano. Modest alipofariki alimwachia ng'ombe mmoja na kuku wachache, na yeye akaingia kazi ya jikoni. Ziwa la hapa Basotu analiona kila siku kutoka mlangoni kwake, lakini samaki hajawahi kumtia mdomoni. Bibi yake alimlea akimwambia kwamba mkono ulioshika samaki usishike kibuyu cha maziwa, ng'ombe atakauka. Namwelewa, kwa sababu hata mimi, Mwalimu Doris, nimetoka milima ileile na bibi yangu alisema hayohayo. Tofauti ni kwamba mimi nina cheti, tena mimi ndiye mwalimu wa lishe.

Mwaka jana, shule zilipofunguliwa Januari, Bwana Evarist, afisa lishe, alitupimia watoto wa darasa la tatu. Wengi walikuwa wepesi kuliko umri wao. Akatuachia mifuko ya unga wa samaki na maagizo rahisi. Kila Jumanne na Alhamisi unga uchanganywe kwenye makande, na kabla watoto hawajala, mwalimu wa lishe aonje, kisha aandike jina lake kwenye daftari chini ya neno Aliyeonja.

Niliwahubiria samaki mpaka nikakauka koo. Nilimchora ubaoni, magamba yote, nikawaimbisha watoto kwamba samaki hujenga mwili. Wazazi wa milimani waliokunja uso niliwaambia waachane na mambo ya kizamani.

Jumanne ya kwanza nikaenda jikoni na daftari langu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu." Akafungua mfuko. Harufu ilipotoka, sote wawili tukarudi nyuma hatua moja. "Utaonja lakini, mwalimu?"

"Leo nimeshiba," nikasema. Nikaandika Doris, na pembeni nikaongeza: chakula kitamu. Alinitazama nikiandika. Nadhani ndipo alipoamua.

Tangu siku hiyo nikawa nakwenda jikoni na kalamu tu, kijiko sikukigusa.

Nyumba yake imepakana na jiko la shule. Kuku wake walianza kunona ajabu, wakataga hata baridi ya Mei ilipoingia. Kila Jumamosi nilinunua mayai kwake, kiini chekundu kweli.

"Unawalisha nini hawa, mama?"

"Wanajitafutia tu jalalani," alijibu, macho chini.

Nikayala mayai yale kwa raha zangu, mjinga mimi.

Juni Bwana Evarist akarudi na mzani wake. Watoto walikuwa palepale. Hakuwa mkali. Alisema tu, mbele ya darasa, kwamba inaelekea unga huu hapa haujasaidia, hivyo muhula ujao ataupeleka shule nyingine. Kisha akawauliza watoto, makande ya samaki yana ladha gani? Wakatazamana. Sikuzani, binti wa mvuvi, mwembamba kuliko wote darasani, akanyoosha mkono.

"Samaki namjua, nyumbani tunampika. Kwenye makande ya shule hajawahi kuwemo."

Ningeweza kunyamaza. Badala yake nikapandisha sauti. "Kaa chini, mwongo wewe! Mimi mwenyewe ndiye ninayeonja!"

Mtoto akakaa, machozi yakamtoka. Mimi nikafungua daftari nikamwonyesha Bwana Evarist jina langu, ukurasa baada ya ukurasa. Nikikikumbuka kidole changu kikishuka kwenye mistari ile, mpaka leo natamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama Verediana alikuwa anapita dirishani na ndoo ya maji. Akaitua, akaingia darasani na kanga yake ya jikoni.

"Mtoto hajadanganya," alisema. "Unga nimekuwa nikiumwaga jalalani. Mkono ulikataa kuutia kwenye sufuria. Kuku wangu ndio walioula, wao wamenenepa na watoto hawajanenepa. Nisameheni." Halafu akamwinamia Sikuzani. "Nisamehe, mama."

Bwana Evarist akalifunga daftari taratibu, akanirudishia. Nje, akiwa amekwishavaa kofia ya pikipiki, akaniambia atatuachia unga kwa muhula mmoja zaidi. "Na hilo la daftari," akasema, "utawaambia wazazi mwenyewe."

Sikuwaambia. Mkutano wa wazazi ulipokaa, ulimkalia Mama Verediana peke yake. Wapo waliotaka afukuzwe siku ileile. Mmoja alimwita mwizi wa chakula cha watoto, na yeye akaitikia, "Ni kweli." Daftari lilikuwa mapajani mwangu, nimelifunika kwa kitenge. Mara mbili alinitazama, na mara mbili nikajifanya natafuta kitu kwenye pochi. Hakunitaja. Aliyemwokoa ni Farouk, baba yake Sikuzani. Alisema mpishi msafi kama huyu hawatampata tena, ila kuanzia sasa atie unga huo watoto wakiona, na auonje wakiona.

Jumanne ya kwanza ya muhula mpya watoto walipanga mstari mbele ya jiko. Mama Verediana akamimina unga, akakoroga, akachota kijiko. Akafumba macho. Koo lilikataa, akafunga mdomo kwa kiganja, akajaribu tena mpaka chakula kikapita. Machozi yalimtiririka, na watoto wakapiga makofi kama wako mpirani. Ng'ombe wake alikuwa ng'ambo ya uzio, na nilimwona Mama Verediana akimtazama.

Kisha akaosha kijiko, akachota tena. Akanigeukia mimi niliyesimama na daftari, akakinyoosha.

"Mwalimu, njoo uonje," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kwenye daftari ulishazoea."

Sikuzani alikuwa wa kwanza kwenye mstari, sahani mkononi, ananitazama mdomo. Nilikuwa nimeshaandika Doris. Ikabidi niweke kalamu chini ndipo nikapata mkono wa kupokea kijiko.