Mama Spesioza wa Ng'ambo ya Barabara

Sisi tuliokulia Kasulu kabla ya lami tunajuana kwa jambo moja: hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwa na nguo nyeupe. Kiangazi kilikuwa na vumbi jekundu lililoingia mpaka kwenye chungu cha maharage, na masika yalikuwa na tope la kuvua watu viatu. Mama zetu walifua, wakaanika, likapita lori moja la kwenda Kibondo, wakafua tena. Watoto wa siku hizi wakiona picha zetu za zamani huuliza kama ni picha iliyoharibika rangi. Hapana, wanangu, ni sisi wenyewe tulivyokuwa.

Nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara hiyo ya Kibondo, na mkabala nayo, mlango kwa mlango, ilikuwa nyumba ya Mama Spesioza. Mama huyu alikuja kutoka Burundi akiwa binti, akaolewa na seremala wa mtaani kwetu, akazaa, akamzika mume, akawa Mha kuliko Waha wenyewe. Barabara kati yetu ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mtu aliweza kuomba chumvi bila kupaza sauti. Sisi watoto ndio tuliotumwa. "Kaombe moto kwa Mama Spesioza," naambiwa, basi nachukua kigae, navuka, narudi mbio nikiyapuliza makaa yasizimike. Siku nilizokuta sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa kwa mawese sikurudi mbio. Mama alisimama mlangoni akaita, "Moto huo umeufuata Bujumbura?" Mama Spesioza akacheka mpaka akashika mbavu, akanijibia, "Mwache ale kwanza! Mtoto hatumwi na njaa."

Asubuhi, hasa zile za Julai ambazo baridi ya Kasulu hukung'ata masikio, wao wawili walikutana katikati ya barabara. Waliinama kidogo, wakapiga makofi ya taratibu, "Mwakeye," "Mwakeye," ndivyo Waha tunavyoamkiana, kisha wakashikana mikono na kuanza kuulizana: watoto, kuku, maharage ya bondeni, shangazi aliyeko Busunzu, mguu uliokuwa ukiuma juzi. Habari yenyewe, hata ingekuwa nzito namna gani, ilingoja salamu ziishe. Lori likitokea lilisimama. Dereva alichungulia dirishani akasalimia naye, maana ukiwapigia honi kina mama wa Kasulu wakisalimiana ungeulizwa ulilelewa na nani. Leo kijana anasema "mambo", mwenzake anajibu "poa", na wameshapishana. Hata hujui kama mama yake yu mzima.

Jioni barabara ilikuwa yetu. Wasichana tulicheza rede, wavulana waliteremka kilima na magari yao ya miti, na giza likianza kuingia tulicheza kombolela mpaka sauti mbili ziite kutoka pande mbili. Ukianguka upande ule ulibembelezwa upande ule, na ukifanya utundu ulichapwa hapo hapo, kisha ukifika kwenu unachapwa tena kwa kumchosha jirani. Kwa fundi cherehani tuliokota vitambaa vya kutengenezea wanasesere. Kwenye mashine ya kusaga tulirudi weupe kwa unga wa muhogo, na huo ndio weupe pekee tulioujua.

Baba alipofariki, Mama Spesioza alikuwa wa kwanza kuingia kwetu, hata khanga hajaifunga vizuri. Hakurudi kwake. Alilala mkekani ubavuni mwa mama mpaka matanga yakaisha, akimlisha uji kama mgonjwa, na huko kwake jiko likapoa. Mama alikuwa akituambia, "Siku yake ikifika kabla yangu, na mimi nitalala pale." Alisema hivyo miaka yote, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesema kesho atakwenda shamba.

Lami tuliililia wenyewe, sitasema uongo. Tumelala kwenye mabasi yaliyokwama, tumeona wagonjwa wakibebwa kwa machela kwa sababu gari halipiti. Basi lami ikaja. Walikuja wapimaji, zikaja alama nyekundu ukutani, likaja greda, kikaja kijiko cha kuchimbia. Kilima chetu kilikuwa kirefu kwa magari, kwa hiyo wakakichonga. Barabara ikashuka chini na kutanuka, na nyumba zetu zikabaki juu, kila moja kwenye ukingo wake, zikitazamana kama watu waliogombana. Baraza yetu ilikatwa. Mashine ya kusaga ikaondoka, kwa fundi cherehani pakajengwa fremu za vioo zinazouza simu, na pale tulipochezea rede kuna mtaro wa zege. Mji umependeza, kila mgeni anasema hivyo, nami naitikia. Lakini nikirudi nyumbani naupita kama mgeni, na moyo unauma kwa namna ambayo siwezi kumweleza kijana aliyezaliwa juu ya lami.

Ili kuvuka sasa, unakwenda mpaka kwenye kivuko cha pundamilia karibu na sheli, unashuka ngazi, unangoja bodaboda na malori yapite, unavuka, unapanda ngazi nyingine, kisha unarudi njia yote ile kwa upande wa pili. Kwa magoti ya mama zetu hiyo ni safari. Mwanzo walijitahidi Jumapili, baada ya ibada. Baadaye wakawa wanasimama tu asubuhi, kila mmoja ukingoni kwake. Nilipokwenda likizo nilimkuta mama akipiga makofi ya salamu kuelekea ng'ambo, na kule Mama Spesioza akiinua kitenge na kukishusha, magari yakipita katikati yao. "Sidhani kama ananisikia," mama aliniambia. "Lakini ananiona." Simu haikuwasaidia, kwani masikio ya Mama Spesioza yalikuwa yameshakuwa mazito. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Mwaka huu, Jumamosi moja asubuhi, nikiwa huku Shinyanga nilikoolewa, simu yangu ililia. Ilikuwa grupu la WhatsApp la mtaa wetu. Wajukuu waliandika kwamba bibi yao ametutoka alfajiri, hospitalini, na wakamaliza kwa maneno haya: "Tumewajulisha wote." Si watoto wabaya. Waliandika kwenye grupu wakaamini kazi imekwisha, wakasahau kwamba mama yangu ana simu ya tochi isiyojua WhatsApp. Nami nilisahau. Nikampigia haraka.

"Pole sana, mama," nilisema.

"Pole ya nini, mwana wanje? Hata kuniamkia hujaniamkia."

Nikajua hajui. Nikaogopa kama mtoto. "Mwakeye, mama," nikasema, naye akaitikia, akaanza kuniuliza kwa utaratibu wake: watoto, baba yao, kazi, mvua za huku. Nilijibu kila swali nikiwa nimeuma ncha ya khanga. Salamu zilipoisha alinipa habari yake mwenyewe, kwa furaha.

"Huku kwa Mama Spesioza wana sherehe. Naona wanafunga turubai, wanashusha viti. Nafikiri mjukuu anaolewa. Nimeshavaa kitenge changu kizuri, nangoja mtu wa kunivusha."

Wakati wa vumbi, kilio cha nyumba ile kingetufikia tukiwa bado kitandani, na mama angekuwa ameshavuka. Sasa basi la Kibondo linapita kwetu bila hata kupunguza mwendo, kila kijana ana dunia mfukoni, na kilio hakivuki barabara. Nilimwambia. Nilitafuta maneno laini nikayakosa, nikasema tu kwamba Mama Spesioza amefariki, na kwamba turubai lile ni la msiba.

Nilisikia lori likipita chini ya nyumba yetu, kisha lingine. Halafu mama akaniuliza, kwa sauti ndogo ya mtu aliyeona aibu:

"Na wewe uliyeko Shinyanga, umejuaje kabla yangu?"